Pua ya Mke wa Fundi Cherehani

Kiwandani walimwita Mama Pua, na yeye hakuona ubaya. Alikuwa akisema jina la kubandikwa ni kama kiraka, ukikaa nacho sana unasahau kiko wapi. Pua yenyewe haikuwa ya ajabu. Ilikuwa fupi, imebebeshwa miwani iliyoteleza kila alipoinama, na kama ungepishana naye njiani usingegeuka kuitazama. Lakini kwa miaka ishirini na sita hakuna pipa la mafuta ya harufu lililomiminwa kwenye masufuria yetu ya dawa ya meno kabla pua ile haijatoa ruhusa.

Alikuwa na chumba chake nyuma ya stoo, chenye dirisha moja na meza ya vigae vyeupe. Mezani palikaa bilauri yenye vipande vyembamba vya karatasi nzito, ambavyo mumewe, fundi cherehani, alimkatia kila mwisho wa wiki kwa mkasi wake wa kazi. Pipa likifika, Mama Pua alichovya ncha ya karatasi, akasubiri kidogo, akaipitisha chini ya pua bila kuigusa, macho yamefumbwa. Halafu alinusa kiwiko chake mwenyewe ili pua ipumzike, akarudia, kisha akaandika neno moja kwenye daftari. Neno lilikuwa "sawa" au "hapana". La tatu halikuwepo.

Kwa ajili ya kazi hiyo aliishi kama mtu mwenye mwiko. Hakugusa kitunguu kibichi siku za kazi, hakujipaka mafuta ya manukato, na nyumbani kwake kila mtu alioga kwa sabuni ya mche, ile ya kufulia. Mumewe alikuwa akiwalalamikia wageni kwamba ameoa mwanamke wa kiwanda cha harufu nzuri, ila yeye mwenyewe ananuka kama shuka lililoanikwa. Mama Pua alijibu kwamba shuka hilo ndilo analolipenda.

Mimi niliingia hapo nikiwa na shahada mpya na kichwa kilichojaa upepo. Nilikuwa mkemia wa kiwanda, wa kwanza kuajiriwa, na meneja alikuwa ameninunulia mashine yenye ukubwa wa friji iliyolazwa. Unaipa tone la mafuta, inalipasha moto na kulipitisha kwenye bomba jembamba kama uzi, lenye urefu wa mita thelathini. Kila kitu kilichomo kwenye tone kinatoka kwa zamu yake, na mashine inakichorea kilima kwenye karatasi. Mnanaa wetu, ule unaoipa dawa ya meno ladha yake, ulitoka dakika ya kumi na moja na nusu. Kilima kikisimama hapo, basi ni mnanaa. Siku moja meneja akaniuliza kwa sauti ya chini kama ile meza ya kunusia bado ina kazi, nami nikajibu bila hata kumeza mate kwamba pua ni kipimo cha zamani.

Simsingizii mtu. Ni mimi niliyesema hivyo, na nilikuwa na wiki ya tatu tu pale.

Mama Pua alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Aliniita daktari, kwa utani, maana sikuwa daktari wa chochote. Asubuhi niliikuta chai mezani kwangu imefunikwa kwa kisahani, na alipopita aliuliza kilima cha leo kimesemaje. Nilimweleza kama mtu anayemweleza mtoto. Naye alisikiliza kama mtu anayemsikiliza mtoto, ila hilo nililing'amua baadaye sana.

Kisha akapigwa na mafua. Yalimlaza wiki mbili, na yalipoondoka yaliondoka na harufu zote. Aliunguza maharage akiwa amesimama palepale jikoni, na kilichomshtua ni moshi machoni. Hapo meneja akampa likizo, na mashine yangu ikashika usukani.

Habari za likizo hiyo alinisimulia mwenyewe. Kila asubuhi, kabla ya kufungua karakana yake, mumewe alimkalisha kwenye kigoda karibu na cherehani, akamfunga macho kwa kipande cha kitambaa, akaanza kumletea vitu puani: sabuni, majani ya chai, mafuta ya mashine, jora jipya ambalo halijafuliwa, ganda la chungwa. Kila kimoja mke alijibu, "Hamna." Mume alisema haya, kesho, akamfungua kitambaa na kwenda kushona. Wakafanya hivyo siku arobaini na moja bila kuruka. Siku ya arobaini na mbili chungwa likaja, kwa mbali, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya tatu, na Mama Pua alilia akiwa amelishika hilo ganda.

Lakini harufu zilirudi kombo. Kahawa ilinuka mpira ulioungua. Sabuni ilinuka samaki. Taratibu zikaanza kujinyoosha, moja baada ya nyingine, na baada ya wiki kadhaa akaja kumwambia meneja kwamba yuko tayari.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alisema arudi mezani kwa mwezi mmoja, anuse kila pipa, nami nilipime pipa hilohilo kwa mashine. Wakiafikiana, pua na mashine, atabaki mezani mpaka astaafu. Wasipoafikiana kuna idara ya kufungasha, mshahara uleule, kazi ya kukaa. Hakuna anayefukuzwa. Nilipompelekea habari hizo nilizipamba kidogo ili zisimkwaruze, naye akanikata katikati.

"Sitaki kuonewa huruma, mwanangu," alisema. "Nataka kujua kama imerudi. Basi."

Wiki tatu zikapita, mapipa tisa, "sawa" tisa, vilima tisa. Kusema kweli nilikuwa nimeanza kumwombea. Ndipo likaja pipa la kumi, kutoka kwa muuzaji mpya ambaye meneja alijivunia kumpata.

Alilinusa, akakunja uso. Akanusa kiwiko, akarudia. Akachukua karatasi nyingine kabisa, akarudia tena, kisha akaniita. Alisema huo si mnanaa, ni kisibiti, zile mbegu nyembamba za kahawia ambazo waoka mikate huzinyunyizia kwenye unga. Nikachukua tone nikalipa mashine. Kilima kikasimama dakika ya kumi na moja na nusu, kimenyooka, kizuri. Nikapima uzito wake, ni uleule. Nikayachemsha mafuta yenyewe, yakachemka kwenye joto lilelile. Nikanusa pipa la zamani na jipya bega kwa bega, mnanaa na mnanaa. Nikawaita vijana wawili wa kwenye masufuria nikawauliza, "Huu ni mnanaa, au siyo?" Watoto wa watu, wamesimama mbele ya koti jeupe, wangesema nini? Wakasema ndiyo, bosi. Meneja, ambaye amevuta sigara miaka thelathini, alikiri kwamba pua yake inajua kitu kimoja tu, kama chakula kimeiva.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nilirudi chumbani kwake nikajikwaa ulimi mzima.

"Mama, usijisikie vibaya," nikamwambia. "Labda pua haijarudi yote."

Nilitegemea abishe, na nilikuwa nimejiandaa na makaratasi yangu. Hakubisha. Alinitazama, na usoni mwake nikaona kitu nisichokielewa, kama mtu aliyetuliwa mzigo na kuumia kwa wakati mmoja. Akafungua daftari, akaandika tarehe na namba ya pipa, na mbele yake akaandika neno ambalo halikuwahi kuandikwa humo: "sijui". Kisha akasema kwa upole kwamba ningemsaidia kama ningemwandikia barua ya kuhamia kufungasha, aisaini mwenyewe kabla hawajamwamuru.

Jumamosi asubuhi nikaipeleka barua nyumbani kwake. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili na uwanja mdogo wa kuanikia, na chumba cha mbele kilikuwa karakana ya mumewe. Nilimkuta amesimama kwenye meza ya kukatia, mrefu na mwembamba, tepu shingoni, mkanda wa suruali umetobolewa matundu mapya mawili ili ubane. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama, maana alikuwa akigombana na mtu. Mtu huyo alikuwa yeye mwenyewe.

Mezani palikuwa na shati la mteja wa mchana huo, limekamilika mwili na kola, na pembeni mikono miwili imelala. Kitambaa kilikuwa kidogo, akanieleza, kwa hiyo hakuweza kukikunja akate mikono yote kwa mpigo mmoja. Alikata mmoja mmoja kwa karatasi ya kipimo, na mara ya pili akasahau kuipindua karatasi. Sasa alikuwa na mikono miwili ya kushoto. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza, alisema, naye ana miaka arobaini kwenye mkasi. Macho siku hizi yalikuwa yanamfanyia ukungu. Akajaza kikombe maji, akanywa yote, akajaza tena, akanywa. Nikadhani ni joto la pasi.

Nilitaka kumfariji. Nikamwambia mimi naona mikono miwili iliyo sawa kabisa, urefu mmoja, upana mmoja. Akanirushia mmoja pamoja na tepu, akaniambia nipime. Nikapima. Ilikuwa sawa mpaka kwenye nusu inchi. Akaniambia sasa nigeuze huo wa kushoto uwe wa kulia. Nikauzungusha juu chini, nikaona upande wa kiganjani unakuja begani. Nikaulaza kifudifudi, mkato ukawa wa kulia, ila upande wa ndani wa kitambaa, wenye rangi iliyopauka, ndio uliokuwa nje.

"Unaona?" alisema. "Kwa futi ni sawa. Kwa mizani ni sawa. Hata ukiifua itakauka kwa wakati mmoja. Ila bega litajua."

Nikakaa chini kwenye kigoda.

Jambo hili nililijua. Nililisoma mwaka wa pili, nikaulizwa kwenye mtihani, nikapata alama za juu na kulisahau palepale, kama mtu anayerudisha sahani ya kuazima. Molekuli, yaani kile kipande kidogo kabisa cha kitu ambacho bado ni kitu hicho, ina umbo. Si orodha tu ya atomi zilizomo. Atomi ya kaboni ikishikana na vitu vinne vilivyo tofauti, inaweza kuvipanga kwa namna mbili, na hizo namna mbili ni kama mtu na sura yake kwenye kioo. Atomi ni zilezile, viungo ni vilevile, uzito mmoja, joto la kuchemka moja. Bomba la mashine yangu halina kushoto wala kulia, kwa hiyo pacha wote wawili wanapita humo kwa dakika moja, na kilima kinakuwa kimoja. Mashine yangu ilikuwa tepu. Ghali, lakini tepu.

Mwili wa binadamu, kwa upande wake, umeshonwa kwa molekuli zenye upande. Ndani kabisa ya pua mna matundu madogo yasiyoonekana, ya kupokelea harufu, na tundu la mkono wa kulia halipokei mkono wa kushoto, au linaupokea ukavuta na kukunjamana, na ubongo unaletewa habari nyingine kabisa. Ndiyo maana zipo dawa ambazo pacha mmoja anatibu na mwenzake amekaa bure, au anadhuru. Na molekuli ya mnanaa ina pacha. Pacha huyo anakaa kwenye mbegu za kisibiti. Kitabuni palikuwa na ukurasa wake, una picha, niliupiga mstari kwa wino mwekundu.

Nikamweleza fundi, kwa mikono yake ileile miwili ya shati. Alikaa akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu, kama mke wake hajakosea. Nikasema sijui, lakini kuna njia ya kujua. Chuoni kwetu kuna chombo cha kupitisha mwanga kwenye kimiminika. Pacha hawa wanaupinda mwanga, mmoja kushoto na mwenzake kulia, na hilo haliwezi kufichwa. Fundi akainuka kumwita mkewe uani, akashika meza kidogo mpaka kizunguzungu kikapita, akaita. Barua nikairudisha mfukoni. Mama Pua alikubali kwenda, ila hakuwa na furaha niliyoitegemea. Nikajiambia anaogopa kutumaini.

Jumatatu tukaenda chuoni na chupa mbili, moja ya mnanaa wa zamani, moja ya pipa jipya. Mtunza maabara alikuwa yuleyule mzee aliyenifundisha kuosha vyombo vya kioo, na bado alikuwa na mashaka na uoshaji wangu. Akawasha taa ya njano, akajaza bomba la kioo kwa mafuta ya zamani, akaanza kuzungusha duara la chombo huku jicho moja limefumbwa. Akasoma nyuzi hamsini na tisa, kushoto. Akaosha bomba, akalikausha taratibu kama mtu asiye na haraka na maisha, akajaza mafuta mapya. Nyuzi hamsini na nane na nusu, kulia.

Nilitaka kumkumbatia mtu. Mzee akafungua chupa zote mbili akazinusa, bila mimi kumwambia lolote. Kwa ya kwanza alisema mnanaa. Kwa ya pili alisita, akauliza kama tumemletea mkate. Nikazinyakua nami nikanusa. Mnanaa na mnanaa. Mzee akacheka, akasema wapo watu wa hivyo, kwenye kila darasa kubwa hupata wawili watatu, wamezaliwa hawawezi kuwatofautisha pacha hawa wala hawajui.

Mama Pua akatoa karatasi zake mkobani. Akaniamuru nifumbe macho, akanipitishia mara sita, huu na ule, nami nikabahatisha na kukosa mara nne. Nilipofumbua macho alikuwa amevua miwani anafuta machozi ya kicheko.

"Kumbe mgonjwa ni wewe," alisema.

Aliyasema kwa huruma ya kweli, na akanishika shavu kama anavyoshikwa mtoto aliyeanguka. Nikamwomba msamaha palepale, mbele ya mzee na masinki yake. Nilikuwa nimemhukumu kwa pua ambayo tangu tumboni haikuwa na tundu hilo, na nikamwambia hivyo. Alinisamehe kabla sijamaliza sentensi.

Halafu kicheko kikaisha usoni mwake. Akakaa kwenye stuli, mkoba mapajani, akaniomba nirudie zile namba. Nikazirudia kwa raha zangu zote, kushoto na kulia.

"Kwa hiyo pua yangu imerudi?"

"Imerudi, mama. Yote."

Akatazama chini. "Basi mume wangu anaumwa," alisema.

Maneno yakamtoka polepole. Tangu pua ianze kurudi, mumewe hakuwa akinuka kama yeye. Shingoni, na zaidi kwenye pumzi yake ya asubuhi, kulikuwa na utamu wa tunda lililochacha chini ya kapu, na chini ya utamu huo kitu kikali kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Alijiambia ni pua, ina kombo, kama kahawa ilivyokuwa. Kahawa ikanyooka. Sabuni ikanyooka. Mume hakunyooka. Kila asubuhi alimkaribia akiomba leo awe yeye, na kila asubuhi alikuwa mtu mwingine, na hakumwambia.

"Uliponiambia haijarudi yote, nilishukuru," alisema. "Nikasema bora pua ife. Pua ikifa, yeye mzima."

Dawa ya kufutia rangi ya kucha. Mimi huoshea vyombo vyangu kwa kitu hichohicho, asetoni, na ninajua mwili unaweza kuitengeneza wenyewe ukishindwa kutumia sukari na kuanza kuunguza mafuta yake. Nikakiona kile kikombe kikijazwa mara ya pili. Nikayaona matundu mapya ya mkanda, ukungu wa macho, mkono uliokamata meza. Jumamosi ile nilikaa mbele ya fundi asubuhi nzima, nikashangilia mikono ya shati, aliyeikata sikumtazama. Tuliziacha chupa mezani, tukakodi teksi.

Tulimkuta ameegemeza kichwa kwenye cherehani. Alisema amepumzika kidogo tu. Mkewe hakubishana naye. Alimvisha viatu, akaupitisha mkono wa mumewe begani kwake, nami nikashika upande wa pili. Hospitalini muuguzi alimtoboa kidole, akasoma kipimo, akachukua kidole kingine akapima upya kwa sababu hakuamini. Wakamtundikia dripu na kumwanzishia insulini jioni hiyohiyo. Daktari aliniita ukumbini akidhani mimi ni mtoto wao, akaniambia tungechelewa siku mbili tatu tungemleta hajitambui, na pengine tusingerudi naye. Sikumsahihisha kuhusu utoto.

Nilimpigia simu meneja nikamweleza habari za pipa, kwamba lirudishwe, na kwamba kosa lilikuwa langu mwanzo hadi mwisho. Alisema nimwambie mama asihangaike na kazi, meza yake haiendi popote. Nilipomfikishia salamu hizo Mama Pua aliitikia kwa kichwa tu. Siku ile hakuwa na nafasi ya meza.

Kila asubuhi alikuwa wodini kabla ya kifungua kinywa. Wauguzi walipima kidole na kuandika namba kwenye karatasi ya kitandani, na namba zilikuwa zikishuka vizuri. Yeye alisubiri waende kitanda cha pili, kisha akainamisha uso shingoni mwa mumewe na kufumba macho. Siku ya kwanza akatikisa kichwa. Ya pili, bado. Ya tatu daktari alisema mgonjwa yuko nje ya hatari, wageni wakapongezana, Mama Pua akainama, akainuka, akasema bado.

Siku ya tano nilikuwepo, nimeleta nguo safi. Fundi alikuwa amekaa kitandani amenyolewa, mdomo wake umekwisha kupona kabla ya mwili, akimkosoa muuguzi kwa namna gauni lake lilivyoshonwa kwapani. Mkewe akasogeza kiti. Akavua miwani akaniwekea mkononi, akainama.

Alikaa hapo. Fundi akamuuliza vipi, ameiva au ameoza, nami nikacheka, lakini mkewe hakuinua uso. Niliyaona mabega yake yakianza kutikisika. Fundi naye akaacha utani, akaweka mkono wenye sindano mgongoni kwake, taratibu, asije akalivuta bomba la dripu.

"Umerudi," alisema, uso ukiwa bado shingoni.

"Kwani nilikwenda wapi, mke wangu?" fundi akauliza.

Hakumwambia. Alimshika tu kola ya pajama kwa mikono miwili, na hakuiachia hadi muuguzi alipokuja kutuambia muda wa kuona wagonjwa umekwisha.